Nani Humdonoa Nani? Utawala wa Kuku Uani Kwetu

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii tumeinakili madaftarini tangu shule ya msingi, na sote tunaijua maana yake: mgeni hata ajifiche vipi hutambulika. Lakini sidhani kama wengi wetu wamewahi kukaa chini wakajiuliza ile kamba yenyewe hufungwa kwa nini. Mimi nilidhani ni ya kumzuia kuku asitoroke akarudi alikotoka, basi. Kumbe ina kazi nyingine, na kazi hiyo niliijua baada ya kusababisha kifo cha kuku wa mama yangu. Sikumchinja. Nilimfungua tu ile kamba, nikaenda zangu mtoni kuteka maji, na wenzake wakamaliza kazi.

Lakini nisianzie mwisho. Kwetu tunafuga kuku wa kienyeji. Si wengi: mitetea saba na jogoo mmoja. Usiku hulala jikoni kwa nyanya. Mchana huzurura uani, shambani na, tukisahau kufunga mlango, hata sebuleni. Mwalimu mlezi wa chama chetu aliposema kila mwanachama wa kidato cha tatu aandike makala kuhusu jambo aliloliona kwa macho yake mwenyewe, wenzangu walichagua mambo makubwa makubwa: soko, harusi, mpira. Mimi nikachagua kuku. Darasa zima likaangua kicheko, na jamaa mmoja anayeketi nyuma yangu akawika.

Tuanze na lugha, maana hili ni jarida la Kiswahili. Huko nyumbani, na hata hapa shuleni, utasikia mtu akisema "kuku yangu imepotea". Ukiandika hivyo katika insha, utazawadiwa mviringo wa kalamu nyekundu. Kuku ana uhai, kwa hiyo yuko katika ngeli ya A-WA: kuku wangu amepotea, kuku wangu wamepotea. Kifaranga naye, ingawa jina lake limevaa KI, ni kifaranga huyu na vifaranga hawa. Utaniuliza, mbona wahenga walisema jogoo la shamba haliwiki mjini? Methali ina uhuru wake wa kumweka jogoo katika LI-YA. Wewe katika insha huna.

Halafu kuna majina. Tembe ni kuku jike aliyekua lakini hajaanza kutaga. Mtetea ni yule anayetaga, na ile kelele anayopiga akitoka kiotani kulitangaza yai lake huitwa kutetea. Pora ni jogoo kijana asiyejua bado kuwika, naye jimbi ni jogoo kamili. Kuchi ni yule mrefu wa miguu, mgomvi, anayejulikana sana pwani. Asiye na manyoya shingoni ni kishingo. Yule ambaye manyoya yake yamepindapinda kama aliyetoka kupigwa na upepo ni kidimu. Mtu ambaye Kiswahili chake chote ni "kuku" na "jogoo" ni sawa na mwalimu anayemwita kila mwanafunzi "wewe".

Sasa niwajulishe wenyeji wa uani kwetu. Majina niliwapa mimi, na nyanya huyapinga baadhi.

Wa kwanza ni Chifu. Ni mtetea mwekundu, mdogo wa umbo, na ukimkuta peke yake njiani utamdhania si lolote si chochote. Lakini mahindi yakimwagwa, hakuna anayethubutu kugusa punje iliyo mbele yake. Wala hapigani. Huinua kichwa tu akaangalia, na mwenzake hurudi nyuma hatua mbili kama mtoto aliyeonwa na mwalimu wa zamu. Nyanya anasema Chifu ndiye aliyetangulia kuwapo pale nyumbani. Wengine wote walimkuta.

Shangazi ni mweupe, mkubwa, na hutaga kwenye kochi la baba, juu ya kitambaa ambacho mama alikishona kwa mkono wake. Tumemfukuza mara ngapi! Hutoka polepole, bila haraka, akituangalia kwa jicho moja kama kwamba sisi ndio tuliomkosea. Karani ni mweusi na hufuata jembe popote liendapo, akikagua kila tonge la udongo. Kishingo jina lake linajieleza. Redio hatulii: hutetea akitaga, hutetea mwenzake akitaga, hutetea hata siku ambayo hakuna aliyetaga. Mlezi (mwalimu mlezi atanisamehe) hupenda kuatamia kuliko kula, na siku moja tulimkuta ameatamia kiazi kitamu. Wa saba ni Yatima, ambaye mama yake alichukuliwa na mwewe akiwa bado kifaranga, akalelewa katika boksi karibu na jiko. Jogoo tunamwita Mzee.

Likizo ya Aprili nilianza utafiti wangu. Kuku saba hutoa jozi 21: saba mara sita, ugawanye kwa mbili. Nilichora jedwali lenye majina juu na pembeni, na kila jioni kwa wiki tatu nikawa namwaga konzi ya mahindi mahali pamoja, kisha nakaa kwenye kigoda na kalamu. Kanuni ilikuwa moja. Sikuandika nani amekula zaidi, maana mlafi si lazima awe mtawala. Niliandika nani amemdonoa nani, na nani amempisha nani.

Kufikia wiki ya pili jedwali lilikuwa limejaa, na mambo yaliyotokea humo yalinishangaza. Chifu aliwashinda wote sita. Yatima hakumshinda yeyote, si mahali pa chakula, si penye maji. Redio alikuwa juu ya Mlezi, na Mlezi juu ya Yatima. Mpaka hapo ni ngazi, kila mmoja na kidato chake. Lakini katikati palikuwa na fumbo. Shangazi humdonoa Kishingo. Kishingo humdonoa Karani. Basi ungetarajia Shangazi amdonoe Karani, sivyo? La! Karani ndiye humdonoa Shangazi. Nilidhani nimechanganya majina, nikarudia jioni nne mfululizo. Hivyo hivyo. Wale watatu wanafukuzana kwa mzunguko, na hakuna hata mmoja wao anayeonekana kuona ajabu.

Nilijiona mvumbuzi mkubwa mpaka nilipomwonyesha mwalimu wa Bayolojia daftari langu. Akacheka, akaniambia nimechelewa kwa takriban miaka mia moja. Kuna mtu wa Norwe aliyeitwa Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894, ambaye aliwapenda kuku tangu utotoni, akawa anawatambua mmoja mmoja na kuandika matendo yao. Mwaka 1922 alichapisha matokeo yake katika jarida la Kijerumani la elimu ya nafsi. Yeye ndiye aliyeueleza ulimwengu kuwa kuku wana utawala wao, na neno alilolitumia maana yake ni mpango wa kudonoa. Hata lile fumbo langu la watatu alikwisha kuliona. Kwa Kiswahili mimi nimeamua kuuita "ngazi ya kudonoana". Mwenye neno bora zaidi na alilete katika mkutano wa chama, tutalijadili.

Je, ngazi hii ni ya kazi gani? Nilipoanza niliiona kama uonevu mtupu. Lakini tazama. Kuku wetu wametokana na kuku mwitu mwekundu wa misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ambaye huishi kwa vikundi vidogo. Kikundi kisicho na mpango kingepigania kila mdudu na kila tawi la kulalia, na anayepigana kutwa hana muda wa kula, wala hamwoni mwewe akija. Wawili wakishapimana nguvu mara moja, basi, jambo limekwisha. Tangu hapo jicho tu linatosha. Ndiyo maana Chifu hakuwa na haja ya kupigana.

Kwa mpango huo ni lazima kila kuku amjue mwenzake kwa sura, na kweli wanajuana. Hutazama hasa kichwa: ile shungi nyekundu juu, na ndevu zilizo chini ya mdomo. Wataalamu waliwahi kubadilisha sura ya shungi za kuku fulani, na wenzao wakawachukulia kama wageni. Kwa hiyo usicheke nyanya yako akisema kuku wake wanamjua jirani kwa jicho. Wanajuana wao kwa wao kwanza.

Jambo jingine nililoliona, na hili sikulisoma popote: Chifu alimdonoa Yatima mara mbili tu katika wiki tatu. Shangazi mara tano. Lakini Redio na Mlezi walimdonoa kila siku, tena pasipo na chakula, ati kwa kupita tu. Anayemwandama wa mwisho ni yule wa pili na wa tatu kutoka mwisho. Nilipolisoma hili mbele ya chama, vijana wa kidato cha kwanza walipiga makofi na wale wa kidato cha pili wakatazama dirishani.

Sasa nifikie yale ya kamba.

Mwishoni mwa likizo mama mdogo alituletea tembe wawili kutoka Kitale. Walisafiri ndani ya tenga, juu ya matatu, miguu imefungwa. Mama alifurahi sana. Aliniambia, "Hawa wakianza kutaga, mayai yao ndiyo chakula chako cha mchana shuleni." Msomaji wa shule ya kutwa ananielewa. Saa saba mchana, wenzio wakiwa kwenye foleni ya githeri na wewe jina lako halimo kwenye orodha, hata kitabu hakisomeki.

Nyanya aliwafunga wote wawili nyuma ya jiko, akawafunika na tenga, akasema wasifunguliwe mpaka atakapotoa ruhusa. Kisha akaenda matangani kijiji cha pili. Mimi mtafiti ningengoja nini? Nilitaka kujua mgeni ataingia kidato gani cha ngazi. Nikamfungua mmoja, saa sita mchana, nikamweka katikati ya uwanja, nikamwaga mahindi. Kuku wote waliinua vichwa. Chifu alimwendea, akamdonoa mara moja kichwani, mgeni akakimbia. Nikaandika: Chifu 1. Nikaridhika kuwa mambo yanakwenda kama kwenye kitabu, nikabeba mtungi.

Niliporudi, kimya. Nilimkuta kwenye pembe kati ya ukuta na rundo la kuni, kichwa amekichomeka ndani ya kuni, mwili wote nje. Hakuwa na pa kukimbilia. Kichwani na shingoni alikuwa damu tupu, na kila aliyeona wekundu ule alikuja kuudonoa. Redio alikuwepo. Mlezi alikuwepo. Na aliyekuwa akidonoa kwa bidii kuliko wote alikuwa Yatima, Yatima ambaye kwa wiki tatu sikuwahi kumwandikia hata alama moja.

Nilimtoa, nikamwosha, nikampa maji kwa kijiko. Alikufa kabla ya alfajiri. Mama hakunichapa. Alimtazama tembe yule, akanitazama mimi, akasema, "Haya, kaandike na hilo kwenye daftari lako." Muhula wote wa pili nilikwenda shuleni na mahindi ya kuchemsha ndani ya mkebe.

Nyanya ndiye aliyenieleza makosa yangu, jioni hiyo hiyo, bila kunionea huruma. "Mjukuu wangu, ile kamba si ya kumfunga mgeni peke yake. Ni ya kuwazoesha wenyeji. Wanamwona leo, wanamwona kesho, wanasikia sauti yake, mpaka wanachoka kumshangaa." Kwa hivyo tembe wa pili, tuliyempa jina la Kitale, alishughulikiwa na nyanya mwenyewe, na haya ndiyo niliyojifunza kwake.

Alikaa chini ya tenga nyuma ya jiko zaidi ya wiki mbili. Wenzake walipita, wakachungulia kati ya fito, wakadonoa tenga badala ya kumdonoa yeye. Siku hizo pia zilituwezesha kumchunguza kama ana ugonjwa, maana mgeni anaweza kukuletea kideri ukapoteza banda zima, na kideri hakina tiba, kina chanjo tu. Kisha nyanya hakumtoa mchana. Alimchukua usiku, gizani, akamweka juu ya fito katikati ya wenzake waliolala. Kuku gizani haoni vizuri na hana haja ya ugomvi. Palipokucha walijikuta wameamka pamoja. Walimdonoa, ndiyo, lakini si kwa ile hasira ya kwanza.

Asubuhi hiyo mahindi yalimwagwa mahali patatu, si pamoja, na maji yakawekwa sufuria mbili mbalimbali. Mkubwa mmoja hawezi kulinda sehemu tatu kwa wakati mmoja. Tulitoa kuni kwenye ile pembe ili pasiwe na mtego, tukaegemeza matawi penye uwazi ambapo mdogo anaweza kupita kwa mbele akatokea nyuma. Na siku Kitale alipochubuka kidogo kwenye shungi, nyanya alimtoa mara moja, akapaka masizi ya sufuria juu ya kidonda ili wekundu usionekane. Damu ikionekana, hata aliye mpole hudonoa. Kosa jingine, nyanya aliongeza, ni kumfungua mmoja badala ya wawili. Wageni wawili hugawana mapigo. Hili nililisikia nikiwa nimeinama.

Utaona sijamtaja Mzee, jogoo wetu. Sababu ni kwamba hayumo katika ngazi ile. Jogoo wana ngazi yao, na kwa kuwa wetu ni mmoja, hana wa kushindana naye. Mitetea hawadonoi. Akipata mdudu hasa mnono huuchukua, huuangusha, huuchukua tena huku akiita kwa sauti fupi fupi, mpaka mtetea mmoja aje aule. (Nyumbani kwetu nyama ya kuku ikiiva, firigisi ni ya baba na hakuna anayeitwa.) Ana mlio wa hatari wa aina mbili, mmoja wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini, na kuku hutii kila mmoja kwa namna yake: wa angani hujificha, wa ardhini husimama wima wakitazama. Na ukiwa na jogoo wengi, sikiliza alfajiri. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walieleza kuwa mwenye cheo cha juu ndiye huanza kuwika, kisha wengine humfuata kwa kadiri ya vyeo vyao. Hata kutangaza kucha kuna mwenyewe.

Nilidhani makala yangu yameishia hapo. Lakini mwezi wa Julai Chifu alichomwa na mwiba unyayoni, mguu ukavimba, na mama akampeleka kwa jirani ajuaye kutibu kuku. Alikaa huko siku 24. Aliporudi hakuwa akichechemea tena, ila shungi yake ilikuwa imefifia, na alikuwa amekonda. Nilichukua kigoda changu.

Alitembea hadi penye mahindi kama zamani, akainua kichwa. Karani hakurudi nyuma. Alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kisha manyoya ya shingo yakasimama, wakarukiana, kifua kwa kifua, mara tatu, mara nne. Chifu akainamisha kichwa. Sikuwahi kuiona shingo ile ikiinama. Kabla ya jua kuzama Shangazi na Kishingo nao walikuwa wamemdonoa, na siku ya pili yake hata Redio, tena akipiga kelele kutangaza. Sasa Chifu yuko kati ya Redio na Mlezi. Na kileleni? Kileleni wako wale watatu wa mzunguko, kila mmoja akimkimbiza mwenzake na kukimbizwa. Uani kwetu hakuna chifu.

Mama hajui habari ya vidato. Aliona kuku mzee, mkonde, ambaye hatagi sana, akasema Jumamosi ataenda naye sokoni, pesa ziingie kwenye chakula changu cha mchana. Nilimsihi anipe wiki mbili. Kwa kuwa Kitale amejiunga, kuku sasa ni wanane, jozi ni 28, na jedwali langu lote limeharibika. Ni lazima nianze upya, na sitaki kuanza bila Chifu. Mama akasema kama Kitale angekuwa anataga tungeongea mengine.

Jumatano jioni nilikuwa nikifanya hesabu sebuleni niliposikia mtu akitetea kwa sauti nisiyoizoea. Ilikuwa inatoka nyuma yangu. Kitale alikuwa amesimama kwenye kochi la baba, na chini yake, juu ya kile kitambaa, palikuwa na yai moja dogo kama la kanga. Nilimpelekea mama likiwa bado lina joto. Aliligeuzageuza mkononi, akalifuta, akaliweka kwenye bakuli juu ya kabati. Habari ya Jumamosi hakuitaja.